Beseni Alilolishika Mara Nne

Kipande cha reli kilichotundikwa kambini kimegongwa mara ya pili, na Marselina keshafika kwenye nyaya. Umande umemlowesha hadi magotini. Toroli la kwanza limetoka korona, ile mashine inayosaga majani ya mkonge na kubakiza nyuzi tupu, na limemwaga mzigo wa nyuzi hizo, singa mbichi, mbele yake. Anainama, anachota fungu, analikung'uta mara mbili, analitandaza juu ya waya kama mtu anayeanika nguo ya sikukuu.

"Ukitandaza nene, katikati haikauki," anasema bila kusimamisha mikono. "Ikishaoza, mnyapara hakuulizi. Anakukatia siku yako."

Mikono yake imepakwa mafuta ya nyonyo mpaka viwikoni. Ndiyo kinga ya wanawake wa kazi hii. Maji ya singa mbichi yanawasha, na asiyejipaka hujikuna mpaka jioni. Wageni hulia wiki ya kwanza. Wiki ya tatu wanacheka na wenzao.

Marselina hacheki anapofika kwenye habari ya kuwasha. Mtoto wake wa pekee, Teresia, ana kovu jeupe kwenye jicho la kushoto, na mpaka leo mama mtu hajui kama jicho hilo litaona sawasawa. Kovu hilo lilitokana na chombo cha kuogea cha thumni moja, yaani senti hamsini, na miezi minne ya mama kusimama dukani akishindwa kuamua.

Katika kisa hiki hakuna aliyekufa wala aliyefungwa. Ndiyo maana yafaa kina mama wakisome. Mambo makubwa yana wapiga mbiu wengi. Jambo dogo la jikoni halina wa kulipigia.

Shamba lenyewe liko kando ya barabara iendayo Mikumi, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Kilosa mjini. Marselina hakuzaliwa kambini. Kwao ni Kisanga, kwa watu wa mahindi na mpunga, na alikuja hapa kwa kuolewa. Mumewe, Lupakisyo, ni mkata mkonge kutoka Rungwe. Alikuja kwa mkataba, mkataba ukaisha, wenzake wakapanda lori la kurudi kwao, yeye akabaki.

"Nilibaki kwa sababu ya mkungu wa ndizi," Lupakisyo anasema, akimtupia mkewe jicho. "Nilikwenda Kisanga kununua ndizi, nikamkuta huyu ndiye muuzaji. Tulibishana bei mpaka jua likageuka. Mwisho nikalipa alichotaka."

"Uongo," anajibu Marselina. "Nilikupunguzia senti tano."

"Senti tano! Na ndizi mbili zilikuwa zimeoza."

Basi ndivyo alivyo Marselina. Ni mwanamke anayejua kukaza ncha ya kanga palipo na fedha. Kambini wanamsifu kwa hilo. Akimaliza kipande chake, kadi ya kazi ya siku thelathini, hupata shilingi kumi na tano. Lupakisyo hupata ishirini na sita pamoja na posho ya unga, maharage na chumvi. Katika hizo wanavaa, wanakula mboga, wanapeleka kidogo Kisanga na kidogo Rungwe, na bado chini ya kitanda kuna kopo lenye kitu.

Sifa hiyo ndiyo iliyomponza. Mtu akisifiwa kwa kubana, hata pale anapopaswa kuachia, mkono hukataa kufunguka.

Walipoanza maisha walinunua nusu debe. Mafundi wa Magomeni, mtaa wa Kilosa mjini, huchukua debe tupu la mafuta ya taa, hulikata katikati, hukunja kingo zisikate mtu, na kila nusu huuzwa thumni. Kambi nzima inatumia. Nusu debe la Marselina lilifanya kila kazi ya nyumba: kuchotea maji, kuloweka maharage, kufulia na kuogea. Teresia alipozaliwa, akaogeshewa humo humo.

Na humo humo zilifuliwa nguo za Lupakisyo.

Asiyejua kazi ya mkata mkonge na aelezwe. Jani likikatwa hutoa utomvu. Mtu anakata, anafunga matita, anayabeba begani mpaka kwenye reli ya toroli, na ifikapo saa saba mchana shati limekuwa gumu kama gome, rangi yake kijani kilichochakaa. Akirudi nyumbani, utomvu umekwisha kauka.

Hapo kambini kulikuwa na usemi, na wazee walioanza kazi zamani ndio waliouacha: utomvu ukikauka umekufa. Hakuna aliyeupinga, maana kila mmoja aliuona ukweli wake kwa macho. Singa mbichi inawasha, singa kavu haiwashi. Watu huishika kutwa nzima na hata kujazia mito ya kulalia. Basi na shati lililokauka nalo haliwezi kuwasha. Wakasahau kwamba singa huoshwa kwenye mashine kabla ya kuanikwa, na shati halikuoshwa na mtu.

"Mimi ndiye niliyepaswa kujua," anasema Marselina. "Kila siku niko kwenye nyaya. Naona toroli linavyomwagiwa maji. Lakini kitu unachokiona kila siku hukitazami."

Beseni lenyewe aliliona kwa mara ya kwanza mwaka 1951, mwezi wa sita, Jumamosi ya mshahara. Lori la shamba liliwateremsha Magomeni, na Marselina akaingia kwenye duka la Mwinshehe kununua sabuni na kiberiti. Mwinshehe ni mwenyeji wa hapo, mtu wa makamo, mwenye kofia ya vito na maneno mengi. Juu ya rafu yake palikuwa na beseni la bati lililopakwa rangi nyeupe ya kung'aa, ukingo buluu, pana kiasi cha mtoto kukaa na kunyoosha miguu.

"Shikamoo, mzee Mwinshehe."

"Marahaba, binti yangu. Hali ya kambi?"

"Salama. Lile beseni bei gani?"

"Saba na nusu."

Marselina akaomba ateremshiwe. Akalishika, akaligonga kwa kidole cha kati, akasikiliza mlio wake. Akapitisha kiganja ndani. Palikuwa laini pote, hapana kona wala mkunjo. Akalirudisha juu ya meza polepole, akanunua sabuni na kiberiti, akaondoka.

Mwezi wa saba alilishika tena. Mwezi wa nane vilevile. Mara ya tatu Mwinshehe alilishusha mwenyewe kabla ya kuulizwa.

"Mkwe wangu huyu hapa," akasema. "Maana, binti, mtu akija kumtazama mwari mara tatu, wazee huanza kuuliza mahari."

Watu waliokuwepo dukani wakacheka. Marselina naye akacheka, lakini usoni alipata joto.

"Mahari yake kubwa, mzee. Nipunguzie."

"Saba na robo."

"Sita."

"Sita utapata nusu debe kumi na mbili, ujaze nyumba nzima. Nenda ukafikiri, beseni haliozi."

Alikwenda kufikiri. Alifikiri sana kuliko mtu yeyote aliyewahi kufikiria chombo cha maji. Alipokuwa njiani kwenda dukani, alikuwa amekwisha amua kununua. Alipokuwa mbele ya meza, alikuwa amekwisha amua kuacha. Alipokuwa juu ya lori akirudi, alijilaumu, na kabla ya kufika kambini alikuwa amejisamehe.

Sababu hazikumwishia. Mara ya kwanza alisema moyoni, nina kanga moja tu ya kutokea, heri kanga. Mara ya pili akasema, likianguka na rangi ikabanduka, nitakuwa nimetupa nusu ya kipande changu. Mara ya tatu akasema, nikiingia nalo kambini watasema najifanya mke wa karani. Mara ya nne, mwezi wa tisa, hakuwa na sababu yoyote. Alilishika, akalirudisha. Ilikuwa imeshakuwa desturi.

Hilo la mke wa karani hakulizua mwenyewe. Jirani yake wa mlango wa pili ni Hildegarda, mwanamke wa Mahenge mwenye wajukuu, aliyeanza kazi ya brashi, ya kuchana singa kavu, tangu shamba likiwa dogo. Alipomsikia Marselina akilitaja beseni, alishika kiuno.

"Beseni la nini, mdogo wangu? Mimi nimeogesha saba katika debe, na wote wana miguu miwili. Mchagua jembe si mkulima."

"Sijachagua, dada. Nimeuliza bei tu."

"Ukishauliza bei mara tatu, hujauliza. Umeshikwa."

Wakati huo Teresia, aliyekuwa na miezi minane, alikuwa ameanza kutoka upele. Ulianza mapajani na mgongoni, mahali anapokalia. Vipele vidogo vyekundu, vikikaribiana vinakuwa kama ngozi iliyoparwa. Alikuwa akilia akiogeshwa, na mama akadhani anaogopa maji. Bibi yake wa Kisanga akatuma neno kwamba ni joto. Hildegarda akasema ni meno. Mganga mmoja wa njiani akachukua shilingi mbili na kuku, akasema ni jicho la mtu. Na dawa yake ilipopakwa, mtoto alilia mpaka sauti ikakauka.

Aliyeijua sababu alikuwa mama mwenyewe, na aliijua kwa bahati. Siku moja ya Jumapili aliligeuza nusu debe ili alipige jua. Pale chini bati lilipokunjwa, kwenye kona zote nne, aliona ufito wa uchafu wa kijani. Akachukua kijiti akachokoa. Ukatoka ute mzito uliochanganyika na vinyuzi vyembamba kama nywele za mtoto mchanga.

Marselina hakumwita mtu. Aliuchukua ute ule, akausugua upande wa ndani wa mkono wake, juu kidogo ya kiwiko, mahali pasipofika mafuta ya nyonyo. Akaendelea kupika. Kabla ya chakula kuiva, mkono ulikuwa umefanya vipele vyekundu, vidogo, vimekaribiana.

"Nilikaa chini," anasema. "Sikuweza hata kuondoa sufuria motoni. Nilikuwa namuogesha mwanangu katika utomvu kila siku, tena kwa maji ya moto, nikimwambia nyamaza mama, nyamaza."

Mtu angedhani hapo ndipo alipoamka akakimbilia dukani. Msomaji, hakukimbilia. Na hapa ndipo penye onyo lenyewe, maana wengi wetu tukishajua kosa tunadhani tumeshaliacha.

Fedha ilikuwepo kwenye kopo. Lakini Marselina aliposhika kopo, ile sauti ya zamani ikamwambia: shida si debe, shida ni kuchanganya. Nunua nusu debe la pili. Moja la nguo, moja la mtoto. Thumni tu. Akaona hiyo ni akili. Akamtuma Lupakisyo, naye akaleta. Marselina akatoboa tundu kwenye ukingo wa lile jipya akafunga kitambaa chekundu, alama ya mtoto.

Wiki ya kwanza upele ulikauka. Ya pili ngozi ikaanza kulainika. Marselina akajiona ameshinda: ameponya mtoto, na shilingi saba ziko koponi. Hata Hildegarda akamsifu.

"Unaona? Thumni imefanya kazi ya daktari."

Kitambaa kile kilidumu siku kumi na sita. Ya kumi na saba hakikuwepo. Pengine kuku, pengine upepo, pengine mtu alikitaka cha kufungia mboga. Na nusu debe likishakosa alama ni nusu debe. Yote mawili yalikatwa na fundi mmoja, yote yalikuwa na rangi moja ya bati lililoanza kutu.

Siku hiyo Lupakisyo alirudi kazini mchana, jua kali. Mkewe alikuwa bado kwenye nyaya, mtoto yuko kwa Hildegarda. Alikuta nusu debe la maji mlangoni. Akanawa mikono, akanawa shingo, akaliosha panga lake, akamwaga maji, akarudisha chombo mahali pake kwa adabu kama kawaida yake. Saa tisa Marselina akafika, akachemsha maji, akachukua chombo kile kile akamuogesha Teresia.

Mtoto wa miezi kumi hucheza na maji. Teresia alipiga maji kwa viganja, akachezea kona za debe, kisha akapikicha macho.

"Alilia kilio ambacho sijapata kukisikia," anasema Marselina. "Nilimtoa, nikamfuta, nikampa titi, akalikataa. Jicho la kushoto likafumba, halikufumbuka."

Lupakisyo alisimama mlangoni, hajui la kufanya na mikono yake.

"Uliosha nini humu?" mkewe akamuuliza.

"Panga."

"Katika debe la mtoto?"

"Mama Teresia, debe ni debe. Ningelijuaje?"

Marselina anasema alikuwa na maneno mengi ya kumjibu, na yote yalimrudia mwenyewe kabla hayajatoka. Ni kweli. Angelijuaje? Yeye mwenyewe hakulijua.

Hildegarda alikuja na shauri kwamba mtoto atiwe maziwa ya titi jichoni. Yakatiwa. Usiku ukapita, asubuhi jicho limevimba kama kitunguu. Ndipo wakampeleka kwa Yeremia, dresa wa zahanati ya kambi. Kina mama, jicho halina kesho. Ukoko wa ugali unaweza kungoja kesho, jicho haliwezi.

Yeremia ni mtu wa Mamboya, mtaratibu, husema polepole kama anayehesabu matone. Aliliosha jicho kwa maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo, akatia dawa, akafunika kitambaa. Kisha akauliza mtoto huogeshewa wapi. Alipoelezwa, akatikisa kichwa.

"Tunaambiwa hapa utomvu ukikauka umekufa," Marselina akamwambia.

"Haufi. Umelala," Yeremia akajibu. "Ukiumwagia maji ya moto unaamka. Upele wa namna hii nimeuona kwa watoto wanne mwaka huu, wote wa wakata mkonge. Wa wapishi hawana. Nenda Kilosa leo leo, daktari alitazame."

Lori halikuwepo. Lupakisyo aliacha siku yake ya kazi, akamweka mtoto begani, wakatembea. Njiani mume akasema, "Niache nimbebe bado, wewe umeshika maji," na mke akasema, "Haya."

Daktari wa Kilosa aliosha tena, akatia dawa nyingine, akasema jicho lipo lakini mboni imechubuka. Kovu litabaki. Likibaki pembeni, mtoto ataona. Likisogea katikati, hapo ni habari nyingine. Ni lazima kungoja akue.

Walipotoka, Marselina alipita Magomeni. Mtoto alikuwa amelala mgongoni, kitambaa cheupe jichoni. Mwinshehe alianza kufungua kinywa kwa utani wake, akamwona mtoto, akakifunga.

"Shikamoo, mzee. Nipe lile beseni."

"Marahaba, mwanangu." Mzee akavua kofia, akaivaa tena. "Limekwisha. Mke wa mtu wa relini alilichukua juzi."

Rafu ilikuwa na duara lisilo na vumbi mahali beseni lilipokaa miezi minne.

"Lililobaki ni kubwa zaidi, lile la ukingo mwekundu," akasema Mwinshehe. "Lakini hilo shilingi tisa, na sitakudanganya, siwezi kushusha, nami nimelinunua ghali."

Lupakisyo alimtazama mkewe, akingojea ubishi ule uliomfanya abaki nchi hii. Haukutoka. Marselina alifungua ncha ya kanga, akaweka tisa mezani, akasema, "Nifungie kwa kamba, nitalibeba kichwani."

Hakuligonga. Hakupitisha kiganja.

"Nilipokuwa naulizia bei ile miezi minne," anasema sasa, huku akikung'uta fungu jingine la singa, "nilidhani ninafikiri. Sikuwa nafikiri. Nilikuwa naogopa kujuta. Basi nimejuta kwa njia nyingine, tena kwa bei isiyopunguzwa."

Waliporudi kambini na beseni lile, maneno yalisemwa kama alivyoogopa. Mtu mmoja aliuliza kama karani amehamia upande huu. Maneno yakakaa siku tatu, yakaondoka. Siku ya nne Hildegarda alipiga hodi akiwa na mjukuu wake, binti wa wiki mbili, amemfunika kanga.

"Mdogo wangu, naazima maji," akasema.

"Maji au beseni, dada?"

"Aa, wewe! Maji yatakaa hewani?"

"Na jembe je? Hatulichagui tena?"

"Jembe mimi sijalichagua. Nimechagua beseni. Nipishe."

Tangu hapo watoto wachanga saba wa mstari ule wa nyumba wamekwisha ogeshewa katika beseni la Marselina. Lina sharti moja, naye halilegezi kwa mtu: nguo ya mkonge isilikaribie, wala mkono uliotoka kukata usiliguse. Yale manusu debe mawili bado yapo. Yamepakwa lami nje yawe meusi, yanafuliwa nguo za kazi, na hukaa nyuma ya nyumba, mbali na mlango.

Lupakisyo naye ana desturi mpya ambayo hakuna aliyemwagiza. Akitoka kukata, huenda kwanza kwenye mfereji ulio chini ya korona, akavua shati, akajiosha, akalisuuza shati na kulivaa likiwa limelowa. Mwanzoni wenzake walimwita bwana harusi. Sasa wanaojiosha pale ni kumi na mmoja.

Wanawake wa kambi wamekuja kumuuliza Marselina kama sasa kila kitu wanunue cha ghali. Anawashangaa. Ufagio wake ni wa chelewa, ameufunga mwenyewe. Mwiko wake ni wa senti kumi. Mkeka wake umetiwa viraka vitatu. Wiki iliyopita alimtoa jasho muuza dagaa wa Mikumi mpaka mtu wa watu akaomba maji ya kunywa.

"Mimi sijawa tajiri," anasema. "Nina swali moja tu. Nikishika kitu najiuliza, hiki kikiwa kibovu, nani ataumia? Kama ni mimi, kama ufagio utanichoma kidole, nachukua cha rahisi na kwenda zangu. Kama ni mtoto, au kama ni kitu kinachogusa mwili wake kila siku, nikiwa na fedha nanunua siku hiyo hiyo. Nikiwa sina, nasema sina, nami naanza kuiweka. Lakini kusimama nikikishika na kukirudisha, hapana. Hiyo nimeiacha."

Saa tisa anatoka kazini. Anasugua mafuta ya nyonyo kwa majani na majivu, anasuuza, anasugua tena, ndipo anamchukua Teresia kwa Hildegarda. Mtoto sasa ana mwaka na miezi kumi. Ana mashavu, ana kelele, anakimbia kwa upande kidogo kama jogoo.

Kuna mchezo ambao mama na mwana hucheza kila alasiri kwenye mkeka. Marselina anamziba jicho la kulia kwa kiganja. Kisha anaweka punje ya hindi mbele yake.

"Teresia, lete."

Mkono mdogo unakwenda moja kwa moja, unaiokota.

"Na hili?" Ameweka haragwe, jekundu juu ya mkeka wa kahawia.

Mkono unakwenda, unapita pembeni kwa upana wa kidole, unasita, unapapasa, unalipata. Mama anaachia kiganja. Anambusu utosini, anaweka haragwe jingine.

Mwezi ujao, kabla barabara haijaharibika kwa mvua, watarudi kwa daktari wa Kilosa. Yeremia ameshaandika cheti, naye hakumficha neno. "Huenda likasafika, huenda lisisafike," alimwambia. "Mtoto bado anakua."

Marselina amekiweka cheti hicho ndani ya kopo la chini ya kitanda. Mwenyewe alisoma mpaka darasa la pili tu, katika shule ya misheni, naye hukisoma kwa kufuatisha kidole kila apatapo nafasi, ingawa keshakijua kwa moyo.

"Jicho likipona, shuleni atakaa popote," anasema, akifuta vumbi la mkeka kwenye magoti ya mwanawe. "Lisipopona, siku ya kwanza nitakwenda naye mwenyewe nimwambie mwalimu, shikamoo, huyu ni wa benchi la mbele. Sitazunguka nje ya mlango. Nitaingia."